Shajara ya Mradi: Njia Salama ya Watoto Kwenda Shule, Kayole

Januari, juma la kufunguliwa kwa shule

Kamati ya mradi huu imeundwa na wazazi, walimu wawili walioteuliwa na mwalimu mkuu, ambao mimi ni mmoja wao, mzee wa mtaa, na mwakilishi wa wahudumu wa boda boda wanaoegesha karibu na lango la shule. Eneo tunaloshughulikia ni kipande kifupi cha barabara ya lami kinachotoka Spine Road hapa Kayole, Nairobi, na kupita mbele ya shule ya msingi ya umma, pamoja na vichochoro viwili vinavyoingia katika barabara hiyo kutoka upande wa pili. Kila asubuhi watoto wengi hukivuka kipande hicho kwa miguu bila mtu mzima, na wapo wa gredi ya nne wanaowashika mikono wadogo zao wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, huku wao wenyewe wakihitaji kushikwa.

Lengo tumeliandika kwa sentensi moja ili lisitupotee: kila gari linalopita mbele ya lango liende kwa kasi isiyozidi kilomita 30 kwa saa, na kila mtoto awe na mahali pa kuvukia palipo kwenye njia anayoifuata kweli. Mengine yote tutakayofanya, yawe mafunzo, mabango au mikutano, yatapimwa kwa kiasi yanavyotusogeza kwenye lengo hilo.

Katika mkutano wa kwanza wengi walitaka mradi uanzie na kuishia katika kuwafundisha watoto kutazama kulia, kushoto, na kulia tena kabla ya kuvuka. Mafunzo hayo yana thamani na yataendelea darasani, lakini nilisimama kueleza kwa nini hayatoshi, na ninaiandika hoja hiyo hapa kwa sababu ndiyo msingi wa kazi yetu yote. Watafiti wa chuo cha Royal Holloway nchini Uingereza waliwapima watoto wa shule za msingi na kuona kwamba uwezo wao wa kutambua kuwa gari linakaribia hupungua sana gari hilo linapozidi kasi ya takriban kilomita 32 kwa saa. Mtoto anaweza kutazama pande zote kama alivyofundishwa, akaliona gari, na bado asitambue jinsi linavyomjia upesi, kwa kuwa macho na ubongo wake havijakomaa kwa kazi hiyo. Kumlaumu mtoto wa miaka saba kwa jambo ambalo umri wake haujamruhusu kulimudu ni kumdhulumu. Barabara ndiyo inayopaswa kubadilika, na dereva ndiye mtu mzima aliyepewa leseni.

Januari, juma la tatu

Tumekamilisha ramani. Walimu wa gredi ya tatu hadi ya sita waliwaomba wanafunzi wachore njia kutoka nyumbani hadi darasani, watie alama mahali wanapovukia barabara, na watie alama nyingine mahali wanapoogopa. Michoro hiyo imetupa habari ambazo hakuna mtu mzima katika kamati aliyekuwa nazo kwa ukamilifu.

Mistari ya pundamilia iliyopo, ambayo imefifia kiasi kwamba dereva mgeni hawezi kuiona, imechorwa mbali na mdomo wa kichochoro ambako watoto wengi hutokea. Kichochoro hicho ndicho kinachoshusha watoto kutoka kwenye maploti yote ya upande wa juu, na lango la shule liko karibu kabisa mkabala nacho. Mtoto aliyechelewa, mwenye begi zito mgongoni, hawezi kutarajiwa kufuata ukingo wa barabara hadi kwenye mistari, avuke, kisha arudi umbali ule ule upande wa pili ili aingie langoni. Hata mimi sifanyi hivyo. Karibu michoro yote inaonyesha watoto wakivuka moja kwa moja kutoka kichochoroni, kwa hiyo kivuko kinapaswa kuhamia hapo, kwenye njia ambayo miguu ya watoto imekwisha kuichagua.

Habari ya pili inahusu tope. Sehemu hii ya Nairobi ina udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba na kunata mvua inaponyesha, na ukingo wa barabara yetu hauna njia ya waenda kwa miguu. Watoto wamejichora wakitembea juu ya lami, na mmoja ameandika pembeni kwamba viatu vikichafuka anaambiwa avioshe kabla ya kuingia darasani. Nimelifikisha jambo hilo kwa walimu wenzangu, na tumekubaliana kwamba siku za mvua hakuna mtoto atakayeulizwa habari za viatu. Ni hatua ndogo isiyogharimu chochote, lakini inaondoa sababu moja ya mtoto kutembea katikati ya magari.

Watoto kadhaa walitia alama ya hofu karibu na jalala kwa sababu ya mbwa. Jambo hilo liko nje ya mradi huu, ila mzee wa mtaa amelichukua.

Februari, juma la pili

Tumepima kasi. Hatuna kifaa cha rada kama cha askari wa trafiki, wala hakihitajiki kwa kupata picha ya jumla. Tulipima mita 50 kwa utepe, tukaweka alama za chokaa mwanzoni na mwishoni, na mzazi mmoja akasimama pembeni akiwa na saa ya simu. Gari linalomaliza mita 50 kwa sekunde 6 linakwenda kilomita 30 kwa saa. Likizimaliza kwa sekunde 3.6, linakwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa mijini nchini Kenya. Tulipima asubuhi, adhuhuri na alasiri, tukayaandika magari binafsi, matatu, malori na boda boda kila aina kwenye safu yake. Msongamano ulipopungua, magari mengi yalimaliza umbali huo kwa chini ya sekunde nne, na pikipiki zilikuwa za kasi zaidi.

Madereva tuliozungumza nao walisema kwamba tofauti ya 30 na 50 ni ndogo. Niliwaonyesha hesabu hii. Chukua dereva makini anayehitaji sekunde moja tangu kumwona mtoto hadi mguu wake ufike kwenye breki, gari lenye breki nzuri, na lami kavu. Akiwa katika kilomita 30 kwa saa, gari lake litasimama kabisa baada ya mita 13 hivi. Akiwa katika kilomita 50, atakuwa amekwisha kusafiri karibu mita 14 kabla breki hazijaanza kushika, na atahitaji takriban mita 28 kusimama. Maana yake ni kwamba mahali pale pale ambapo gari la kwanza limekwisha kusimama, gari la pili bado linakwenda kwa kasi yake yote. Nguvu ya mgongano nayo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo gari la kilomita 50 hubeba nguvu inayokaribia mara tatu ya lile la kilomita 30. Mmoja wa wahudumu wa boda boda aliirudia hesabu hiyo kwa kalamu juu ya kiganja chake, kisha akaniomba nije niwaeleze wenzake. Nilikwenda.

Kiwango cha kilomita 30 si chetu peke yetu. Azimio la Stockholm la Februari 2020 liliyataka mataifa yaweke kikomo hicho mahali ambapo waenda kwa miguu na magari huchangamana mara kwa mara, na mwaka huo huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likatangaza muongo wa 2021 hadi 2030 wa kupunguza vifo na majeraha ya barabarani kwa angalau nusu. Shirika la Afya Duniani linayataja majeraha hayo kuwa kisababishi cha kwanza cha vifo vya watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hapa Kenya, mwaka 2023 pekee, watu 4,324 waliuawa barabarani, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la waenda kwa miguu.

Februari, juma la nne

Suala la steji, yaani kituo cha matatu, limetuchukua muda mrefu kuliko tulivyopanga, na sioni kwamba muda huo umepotea. Matatu zilikuwa zikisimama kabla tu ya mdomo wa kichochoro, kushusha na kupakia abiria. Mtoto anayevuka hapo hulazimika kupita mbele ya matatu iliyosimama, na dereva anayeipita matatu hiyo kutoka nyuma hamwoni mpaka atokeze kwenye njia yake. Mtoto wa PP1 ana urefu wa mita moja na kidogo tu, kwa hiyo hata dereva wa matatu yenyewe, akiwa kwenye kiti chake, huenda asimwone akiwa karibu na bampa. Dawa yake inafahamika kwa wahandisi: kituo kiwekwe baada ya kivuko, ili gari lisimame likiwa limekwisha kukipita, na watu wavuke nyuma yake ambako wanaonekana.

Mwenyekiti wa steji alitusikiliza kwa heshima, kisha akasema wasiwasi wake waziwazi. "Mwalimu, tukisogea, abiria watapanda zile gari zinazosimama kule mwanzo, na vijana wangu watarudi nyumbani mikono mitupu." Hoja yake ilikuwa ya haki. Kuhamisha steji moja na kuacha nyingine isiyo rasmi ikichipuka mahali pale pale kungemwadhibu aliyekubali na kumtuza aliyekataa. Tulirudi mara kadhaa tukiwa na viongozi wa sako nyingine, yaani chama kingine cha ushirika cha matatu, inayotumia barabara hii, mpaka wote wakakubaliana kusogea kwa pamoja na kwa siku moja. Wamama wanaouza mboga na mandazi pale steji nao walishirikishwa tangu mwanzo, kwa kuwa riziki yao hufuata abiria, na walitaka uhakika kwamba hawatafukuzwa kwenye eneo jipya. Mzee wa mtaa aliwatafutia nafasi nyuma ya mtaro, isiyozuia njia ya miguu.

Tangu wahame, mdomo wa kichochoro umekuwa wazi, na mtoto anaonekana kutoka mbali. Hatujatumia mfuko hata mmoja wa saruji, na ninaamini hii ndiyo hatua iliyookoa zaidi kufikia sasa.

Machi

Tumeandika barua. Kabla ya kuandika ilibidi tujue barabara hii ni ya nani, kwa maana Katiba ya 2010, katika jedwali lake la nne, inazikabidhi kaunti barabara za kaunti na kuiachia serikali ya kitaifa barabara kuu, ilhali jijini Nairobi zipo pia barabara zinazosimamiwa na Mamlaka ya Barabara za Mijini, iliyoanzishwa chini ya sheria ya barabara ya 2007. Mkazi wa kawaida hawezi kuitambua tofauti hiyo kwa kutazama lami. Barua yetu ya kwanza ilitumwa kwingine, ikatumwa kwingine tena, na majuma yakapita. Nawashauri wenzetu wa mitaa mingine wanaotaka kuanza mradi kama huu wafuatilie umiliki wa barabara mapema kabisa, wapate jibu kwa maandishi, na wabaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Jambo la kalenda nalo ni zito. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mkakati wa fedha wa kaunti unapaswa kufika bungeni mwa kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Anayepeleka ombi lake mwezi wa Juni, hata likiwa zuri namna gani, amekuta milango imefungwa kwa mwaka mzima. Sisi tumeliwasilisha letu kwa ofisi ya mwakilishi wa wadi tukiambatanisha michoro ya watoto, vipimo vya kasi na picha, na tumeikumbusha kwamba Sera ya Usafiri Usiotumia Injini ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, ya mwaka 2015, inataka asilimia 20 ya bajeti ya barabara itengewe waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Sera hiyo ni nzuri, na imeandikwa tayari; wajibu wa wakazi ni kuitaja kila mara kikao cha bajeti kinapoitishwa.

Mvua za masika zimeanza, na kazi zote za rangi zimeahirishwa hadi likizo.

Aprili, likizo

Katika juma la mwisho la muhula mtoto mmoja wa gredi ya pili aligongwa na pikipiki jioni. Aliumia mguu, akatibiwa, na anaendelea kupona. Usiku ule ule vijana wa mtaa walikusanya mawe na udongo ili wajenge tuta wao wenyewe. Hasira yao ninaielewa kabisa, na katika mitaa mingi ya Nairobi matuta ya aina hiyo yamezaliwa kwa uchungu wa namna hiyo. Hata hivyo tuliwasihi waache, nasi tukawaeleza sababu. Tuta la udongo lisilo na alama wala rangi halionekani usiku, na wa kwanza kuangushwa nalo huwa ni mwendesha boda boda aliyembeba mzazi au mtoto. Mvua hulila upande mmoja, nayo magari huhamia upande huo uliolika, yaani pembeni, ambako watoto wanatembea. Tena linaziba maji, na maji yakituama huichimba lami.

Tuta lililojengwa kitaalamu hujulikana kwa umbo lake. Lina kimo cha sentimita 8 hadi 10, na urefu wa karibu mita nne kufuata mwelekeo wa gari, ili dereva wa mwendo wa kilomita 30 alipite kwa utulivu na yule wa 50 ahisi kutikiswa. Ombi letu kwa kaunti ni kivuko kilichoinuliwa: tuta pana lenye mgongo bapa, ambalo mistari ya pundamilia huchorwa juu yake. Mtoto huvuka akiwa ameinuliwa mbele ya macho ya dereva, na gari hupunguza mwendo kwa sababu barabara yenyewe inalilazimisha, awepo askari au asiwepo. Chini yake lazima pawe na kalavati ya kupitisha maji ya mtaro. La sivyo, kwa udongo wetu huu, kivuko kitakuwa bwawa kila masika.

Tukisubiri hayo, tulipewa kibali cha kufanya kazi ya muda, na wazazi wakajitokeza likizoni. Tumechora mistari mipya mkabala na kichochoro na kupanga nguzo fupi za saruji pembeni, ili barabara iwe nyembamba hapo na magari yasipande kwenye njia ya miguu. Rangi tuliyotumia ni ya kawaida, tukainyunyizia shanga ndogo za kioo ikiwa mbichi ili irudishe mwanga wa taa za magari. Itachakaa mapema. Rangi ya plastiki inayoyeyushwa kwa moto na kumwagwa juu ya lami hudumu zaidi sana, lakini inahitaji mitambo na mafundi wa barabara, nayo imo katika ombi letu.

Mei

Muhula wa pili umeanza, nasi tumepima tena kwa njia ile ile na mahali pale pale. Asubuhi, wazazi wa zamu ya kuwavusha watoto wakiwa wamesimama na fulana zao zinazoakisi mwanga, magari mengi sasa hupita kwa mwendo wa polepole, na baadhi husimama kabisa kuwapisha watoto. Alasiri hali ni nafuu kuliko Januari lakini bado hairidhishi. Adhuhuri ndiyo iliyotushtua: watoto wa PP1 na PP2, walio wadogo kuliko wote, huruhusiwa kwenda nyumbani mapema, wakati ambapo hakuna mzazi wa zamu na barabara haina msongamano wa kuwazuia madereva. Tumeigawa zamu upya ili saa hiyo iwe ya kwanza kujazwa. Nyanya wawili wa mtaa, ambao wajukuu wao wako PP1, wameichukua kwa hiari, na madereva wanawatii kuliko wanavyotutii sisi.

Juni

Katika kikao cha ushiriki wa umma lilitolewa pendekezo la kujenga daraja la waenda kwa miguu badala ya kivuko kilichoinuliwa. Lilipigiwa makofi. Nililazimika kulipinga, nami ninaeleza kwa nini. Madaraja ya namna hiyo yana mahali pake, kwenye barabara pana za kasi kama Thika Road au Outer Ring Road, ambako hakuna namna nyingine ya kuvuka njia nyingi za magari. Katika barabara ya mtaa, daraja humpandisha mtoto ngazi na kumshusha ili gari lisisumbuliwe, humfungia njia mtoto wa kiti cha magurudumu, na humwambia dereva kwamba chini kote ni kwake. Gharama ya daraja moja ingetosha vivuko vilivyoinuliwa mbele ya shule nyingi za wadi hii.

Nilitoa mfano wa jirani zetu wa Dar es Salaam. Huko, mpango wa Amend, shirika la usalama barabarani, ulizikagua njia za kwenda shuleni, kisha ukaweka matuta, vivuko, njia za miguu, alama na nguzo mahali watoto wanapopita, hatua za gharama ndogo zinazofanana na hizi tunazoziomba. Mwaka 2019 mpango huo ulitunukiwa tuzo ya miji ya taasisi ya utafiti ya World Resources Institute (WRI). Baada ya mjadala mrefu kikao kiliafiki kivuko kilichoinuliwa, na uamuzi umeandikwa katika kumbukumbu.

Julai

Mhandisi amefika, ametembea nasi kutoka kichochoroni hadi langoni, na ametuomba michoro ya watoto abaki nayo. Amekubali mahali pa kivuko. Hajakubali kalavati ya kipenyo tulichopendekeza, na anataka kupima kina cha mtaro upya kabla ya kutoa mchoro wa mwisho. Hilo ni sawa kwetu.

Yaliyobaki kabla ya shule kufungwa ni haya. Ishara mbili za shule zinahitaji kusogezwa nyuma zaidi, kwa kuwa zilizopo dereva huziona akiwa amekwisha kufika. Taa ya barabarani iliyo mdomoni mwa kichochoro haiwaki, na ni lazima iwake kabla ya Januari, majira ambayo jua la Nairobi huchelewa kuchomoza na watoto hutoka nyumbani gizani. Njia ya miguu yenye changarawe upande wa lango haijapata fedha. Tutaiombea katika mpango wa maendeleo wa kaunti, ambao huwasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba, na barua yake itasainiwa na kamati Jumamosi hii. Kipimo kingine cha kasi kitafanywa mara kivuko kitakapokamilika, katika zile zile mita 50, kikianza na saa ya adhuhuri.